Mashine Tisa, Mfuko Mmoja

Kwa muda wa miaka kama kumi na mitano nilikusanya mashine za kuvuta vumbi mjini Shinyanga, mji ambao vumbi lake hakuna mashine inayoliweza, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa na hasira. Nasema mapema kwa sababu watu wakisikia habari hii hucheka, wakadhani nami nilikuwa nafurahia. Sikuwa nafurahia. Mashine nilipata tisa, na hakuna hata moja iliyonifikia ikiwa na mfuko wake.

Nieleze habari ya mfuko. Mashine hizi za zamani, zile za majumba ya Wazungu na ya Wahindi wenye nafasi, zilivuta vumbi kwa umeme na kulisukumia ndani ya mfuko wa kitambaa kigumu. Chuma ni chuma, kinatoka kiwandani. Lakini mfuko ulishonwa. Kuna mtu alikaa mahali fulani mbele ya cherehani, kama ninavyokaa mimi, akapiga mshono mara mbili ili vumbi lisipenye, akakunja pindo, akatia vifungo. Mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa nashona magauni, sare za shule na foronya kibarazani kwangu Ngokolo, na kazi ya fundi mwenzangu naisoma hata kwa vidole. Hicho ndicho kilichoniponza.

Ilianza miaka ya sitini mwishoni. Mke wa mwenye duka la vitambaa, mteja wangu wa siku nyingi, aliniletea mfuko uliochanika ubavuni. "Shona vizuri, fundi, vumbi isipite," akasema. Niliuchunguza mfuko ule siku mbili kabla ya kuugusa. Uzi ulikuwa umepakwa nta, na mshono umenyooka toka mwanzo hadi mwisho bila kuyumba hata kidogo. Nilipomaliza kuziba pale palipochanika, niliona aibu mshono wangu kukaa jirani na ule. Sijawahi kumwambia mteja yeyote hivyo.

Miaka michache baadaye familia ile ilihama nchi. Yule mama akaniletea mashine yenyewe kwa mkokoteni, zawadi ya kuagana. Nilingoja aondoke ndipo nifungue kifuniko, kwa kuwa sikutaka anione nilivyo na pupa ya mfuko. Mfuko haukuwemo. Nikaulizauliza mpaka nikafika kwa aliyekuwa mpishi wao, nikamkuta mwanawe anacheza uani amevaa kaptula nzuri mno ya kaki yenye mshono mara mbili. Niliutambua mshono ule, nikarudi nyumbani. Mtoto alikuwa anahitaji kaptula.

Basi ikawa ndio mtindo. Kila Mzungu aliyemaliza mkataba kule kwenye mgodi wa almasi, kila padri aliyehamishwa, kila duka lililofungwa, nilikuwa nafika mnadani na mkoba wangu. Nilipata mashine ya kusimama yenye taa mbele kama ya baiskeli. Nilipata moja ya mviringo kama boga. Nilipata nyingine ndefu, inateleza juu ya vyuma viwili, na moja ya ajabu kabisa isiyotumia umeme, kutoka misheni, ambayo mtu mmoja anapampu kwa mpini na mwingine anaelekeza mpira. Hii ya misheni ndiyo iliyonitia uchungu zaidi, maana mfuko wake, niliambiwa, ulikuwa wa hariri nzito iliyoshonwa kwa mkono. Sista aliyeniuzia alisema mfuko huo wameutumia kuchuja asali. Nikamuuliza uko wapi sasa. Umeliwa na panya. Akasema hivyo huku anatabasamu, na mimi nikamjibu kwa adabu, lakini njia nzima ya kurudi nilikuwa nasema peke yangu.

Mume wangu alikuwa mfanyakazi wa reli, mtu mpole mwenye mdomo. "Nyumba ina fagio tisa za umeme," alikuwa akiwaambia wageni, "na bado mama watoto anainama na ufagio wa chelewa." Ilikuwa kweli. Umeme wenyewe ulikuja ulipotaka, na hata ulipokuja sikuziwasha, kwa kuwa bila mfuko mashine inachukua vumbi la sakafuni na kulimwaga kitandani. Nilizishonea mifuko mipya ya kitambaa cha drili, mizuri tu. Lakini ilikuwa mifuko yangu. Nilichotaka mimi ni kuiona mashine moja, moja tu, ikiwa kama ilivyotoka mikononi mwa fundi wake.

Miaka ile ya shida, sabuni hakuna, sukari kwa foleni, watu wakaanza kuchunguzana. Jirani mmoja akapeleka habari kwamba nina chumba cha vyuma na mipira. Akaja balozi wa nyumba kumi na mgambo wawili. Wakaitazama ile mashine ya boga, wakautazama mpira wake mrefu, wakatazamana.

"Mama, hii gongo unapikia wapi?" balozi akauliza.

"Hiyo ni ya kuvuta vumbi."

"Vumbi lipi?"

Nikamwonyesha sakafu. Akacheka, mgambo nao wakacheka, kisha wakanusa mpira mmoja baada ya mwingine kutafuta harufu ya pombe. Hawakuipata, lakini waliondoka na mpira wa ile yenye taa, eti kwa uchunguzi, na baadaye nikauona kwenye tangi la petroli la Landrova ya mtu ambaye sitamtaja hata kwa cheo. Siku hiyo nililia kwa hasira mbele ya wanangu, na mume wangu, kwa mara ya kwanza, hakutania.

Mtu aliyenipa matumaini alikuwa muuza dagaa. Alikuwa mama wa makamo kutoka Chato, anakuja Shinyanga na magunia yake kila mwezi au miezi miwili, na kila akija ananiletea kitenge nimshonee. Siku moja mvua ilimfukuza kibarazani, nikamkaribisha ndani, akaziona mashine zimejipanga ukutani. Hakucheka. Alisimama mbele ya ile ndefu yenye vyuma viwili, akaweka mkono juu yake.

"Baba yangu anayo kama hii," akasema. "Ina mfuko wake. Haujafunguliwa mpaka leo."

Nilimwomba aseme tena. Akaketi, akanieleza. Baba yake alikuwa mfagizi katika mgodi mdogo wa dhahabu upande wa Geita, mgodi uliofungwa zamani, karibu na Uhuru. Wazungu walipoondoka, yeye alibaki na mashine. Wafanyakazi wote walitawanyika, nyumba zikaanguka, pori likarudi, na mzee bado yuko palepale, katika chumba kimoja nyuma ya jengo la tanuru, anaulinda mfuko. Mkewe alifia huko. Majirani ni wachimbaji wadogo wanaohamahama.

"Nimemjengea chumba kwangu Chato," akasema. "Nimemtandikia kitanda. Kila nikimfuata ananiambia kazi haijaisha. Mama, nakuomba. Wewe mashine hizi unazijua. Nenda ukaichukue ile, baba yangu apate kuondoka pale."

Sikuhitaji kuombwa mara mbili. Nitakuwa mkweli: nilimhurumia mzee, lakini usiku sikulala kwa sababu ya mfuko.

Safari ilinichukua siku nne. Treni hadi Mwanza haikunisumbua, mke wa mtu wa reli ana heshima yake. Kivuko kilikuwa kibovu, tukashinda pwani ya ziwa tunatazamana na ng'ambo. Basi la Geita lilikosa dizeli katikati ya njia, na utingo akaondoka na dumu kwa miguu, akarudi kesho yake kama vile alitoka kwenda chooni. Sehemu ya mwisho nilipanda lori la pamba. Nilifika nimevimba miguu na nimegombana na kila mtu aliyevaa kofia.

Mzee alikuwa mrefu, mkavu, macho yameingia ukungu wa mtoto wa jicho. Bati la upande mmoja wa nyumba yake lilikuwa limeondoka, na ukuta chini yake umelika na mvua. Nikamwamkia, akaitikia taratibu, "Marahaba, mayu," kama Wasukuma wanavyomwita mwanamke kwa heshima. Nikamwambia nimetumwa na binti yake na kwamba mimi ni fundi cherehani.

"Fundi wa nguo?"

"Nguo na mifuko, baba."

Akanyanyuka. Kabla ya kuishika mashine alikwenda kwenye msumari uliokuwa ukutani, akachukua koti la kazi, la kaki, limechakaa mabegani, akalivaa na kulifunga vifungo vyote. Ndipo akaivua mashine blanketi. Nyumba nzima hapakuwa na kitu kingine kilichofunikwa.

Akanieleza kazi yake kana kwamba aliiacha jana. Kila Jumamosi, dhahabu ikishayeyushwa, yeye aliingia na mashine katika chumba cha tanuru. Alivuta vumbi sakafuni, juu ya meza, kwenye nyufa za dirisha, hata soli za viatu vya Wazungu wenyewe. Vumbi la chumba kile lilikuwa mali. Mdomo wa mfuko ulifungwa kwa waya, na waya ukabanwa kwa kipande cha madini ya risasi chenye muhuri, na mtu wa kuufungua alikuwa mmoja tu, bwana mkubwa wa tanuru. Mfagizi akikutwa ameugusa muhuri, kazi hana.

"Siku ya kufunga mgodi aliniita," akasema. "Akaniambia, kaa na mashine, nitarudi kuchukua mfuko. Nikamwambia, ndiyo bwana."

"Hakurudi?"

"Bado."

Wachimbaji walikuwa wakimjia na makarai yao na zebaki, wakimwomba waoshe lile vumbi wagawane. Aliwafukuza. Wajukuu zake walimjia na maneno matamu. Akawafukuza pia. "Mali ya mtu ni mali ya mtu, hata kama mwenyewe ni mjinga," akasema, na tukacheka wote wawili.

Kisha akaniambia neno ambalo binti yake hakulijua. Macho yake yalikuwa yameanza kuzimika miaka mingi, naye alikuwa na wasiwasi. Alilala, alikwenda kisimani, alimzika mkewe. Hakuwa na mlinzi wa kumwachia. Labda kuna mtu aliuingilia. Vidole vyake vilimwambia muhuri uko salama, lakini havikuwa vidole vya fundi.

"Wewe utauona," akasema. "Niambie kama umeguswa."

Akaniwekea mfuko mapajani.

Sijui nielezeje. Ulikuwa mzima. Kitambaa cha kahawia, kizito, uzi wa nta, mshono mara mbili, pembe zimekunjwa kwa namna ambayo mimi mpaka leo sijaiweza. Nilikuwa nimetafuta kitu hiki zaidi ya miaka kumi, na sasa kilikuwa juu ya khanga yangu. Niliutazama muhuri. Ulikuwa salama kabisa. Nikaugeuza mfuko nitazame kitako.

Pale chini, upana wa kiganja, mshono ulikuwa wa mkono. Mtu aliufumua, kisha akaurudishia kwa sindano, akijaribu kupita katika matundu yaleyale ya zamani. Aliyakosa mengine. Uzi ulikuwa mweupe, umepakwa kitu kama chai ili ufanane, na juu yake palikuwa na vumbi gumu la miaka mingi, vumbi lilelile lililokuwa kwenye sehemu nyingine. Haikuwa kazi ya juzi wala ya mwizi mwenye haraka. Nikaubonyeza mfuko kidogo. Ndani kulikuwa kwepesi, kunabonyea na kurudi. Maranda ya mbao.

Nilielewa mara moja, maana mishono haidanganyi. Bwana mkubwa alichukua vumbi lake kabla hata hajapanda gari. Alifumua chini ili muhuri ubaki mzima, akajaza maranda, akashona, kisha akamwita mfagizi na kumwambia akae. Kwa nini, mimi sijui. Labda alitaka jengo lisibaki tupu. Labda alitania. Vumbi lilikuwa la mgodi wao, siwezi kumwita mwizi, lakini nilimchukia pale nilipoketi kuliko nilivyowahi kumchukia mtu niliyemjua.

Mzee alikuwa amesimama mbele yangu na koti lake lenye vifungo vyote, shingo imeinama, anangoja.

"Haujaguswa, baba," nikasema.

Akashusha pumzi. Uso wake ulilainika wote. Akauchukua mfuko kutoka kwangu, akaupangusa kwa mkono wa koti, akaurudisha ndani ya mashine.

"Basi umenitua mzigo," akasema. "Sasa mayu, utanisamehe. Siwezi kukupa."

Nikamwambia binti yake ananingojea na jibu, kitanda kimetandikwa.

"Najua. Ungekuwa umeguswa, kazi yangu ingekuwa imekwisha. Ningekupa mashine na mfuko wake, na mimi ningepanda gari la Chato leo hii. Lakini ni mzima. Nitaondokaje?"

Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua mdomo, na neno lilikuwa moja tu. Lakini alikuwa anaifunika mashine blanketi, analichomeka pembeni kama mtu anavyomfunika mtoto, na anaimba kitu cha Kisukuma kwa sauti ya chini. Nikafunga mdomo. Nilijiambia kwamba nimefanya wema. Nilipomkuta binti yake Geita mjini, tulikoahidiana kukutana, nilimwambia mzee amekataa, basi, sikumwambia mengine. Safari nzima ya kurudi nilikuwa na hasira na bwana mkubwa, na basi, na kivuko, na mikono yangu mitupu. Mume wangu aliponipokea stesheni akatazama mkoba, akauliza, "Na hii nayo mfuko hauna?" Nikamwambia asinisemeshe mpaka kesho.

Mvua za mwaka wa pili zilikuwa nyingi. Zilipokwisha, muuza dagaa alikuja kibarazani kwangu bila magunia. Gauni lake, alilonipa nimshonee safari iliyopita, lilikuwa tayari, limepigwa pasi, limetundikwa mlangoni. Alivaa khanga nyeusi. Nikaelewa, nikampa pole, nikamvutia kigoda.

Mzee alikufa kwa kifua, akasema. Ule ukuta uliolika ulianguka, mvua ikamnyeshea siku kadhaa, na majirani walipokwenda kumtazama walimkuta amejikunja sakafuni akiwa na koti la kazi. Blanketi alikuwa ameifunika mashine. Baada ya mazishi vijana wa pale machimboni walipasua mfuko kwa kisu, wakauosha kwenye karai, wakapata maranda. Kwa hasira waliivunja mashine, wakagawana nyaya. Yeye, binti, aliokota mfuko.

"Nimekuletea," akasema. "Najua ulikuwa unaupenda."

Ulikuwa umechanwa katikati kuanzia mdomoni. Kitako kilikuwa kizima. Akaugeuza yeye mwenyewe, akaweka kidole pale chini, upana wa kiganja, ambapo maji ya karai yalikuwa yameondoa vumbi na rangi ya chai.

"Hapa uzi ni mweupe," akasema. "Mimi sijui kushona, lakini naona. Baba aliniambia kila nilipokwenda: fundi wa Shinyanga amesema ni mzima. Kila nilipokwenda. Wewe uliona?"

"Niliona."

"Siku ileile?"

"Siku ileile."

Nilitaka kumweleza habari ya vifungo vya koti, na jinsi baba yake alivyoshusha pumzi. Alinitazama bila ukali, kama mtu anayejaribu kukumbuka alikonifahamia.

"Kitanda nilikuwa nimeshatandika, mama," akasema.

Akaondoka kwa miguu kuelekea stendi. Mfuko ninao mpaka leo, sijaushona. Gauni nalo lilibaki mlangoni mwaka mzima, kisha nikalikunja nikaliweka ndani ya mashine ya boga, maana hakurudi kulichukua.